Mtu mmoja, mama mmoja, miaka karibu 70: namjibu kijana wa Mbagala

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mi nipo Mbagala Rangi Tatu, naigiza mama mwenye nyumba anaitwa Mama Funguo, narekodi kwa simu tu, navaa dera na kilemba. Miezi mitatu ya mwanzo watu walicheka sana, sasa hivi wamepoa, komenti zenyewe za kuhesabu. Nimesikia kuna mzungu alivaa gauni akaigiza mama mmoja karibu miaka 70 mpaka anakufa. Aliwezaje? Afu nimng'ang'anie huyu huyu au nitengeneze wengine?"

Marahaba mdogo wangu. Mzungu unayemsema ni Barry Humphries, mtu wa Australia, na huyo mama yake wa jukwaani aliitwa Dame Edna Everage. Ntakuelezea maisha yake kwa urefu maana majibu yako yamo humo humo, ila ntakuwa nakatisha nirudi Mbagala halafu naondoka tena, nivumilie, mi nimefundisha vijana maigizo hapa Dar tangu enzi za vichekesho vya kaseti za VHS na mpaka leo sijajua kuongea kwa kifupi.

Jamaa kazaliwa 17 Februari 1934 Melbourne, akakulia Camberwell, mtaa wa watu waliojiweza. Baba yake mjenzi wa nyumba. Sasa we pata picha ya mtaa wenyewe, nyasi zimekatwa usawa mmoja, mapazia yamenyooka, kila jirani anajua jirani mwenzake kanunua kochi gani, na hamna mtu anayeongea jambo lolote la maana mpaka jua linazama. Hapa Bongo tungemwita mtoto wa geti kali. Alipenda vitabu kuliko mpira, na kuna kisa alichokuwa anakisimulia mwenyewe, kwamba siku moja alirudi nyumbani akakuta mama yake kavigawa vitabu vyake vyote kwa watu wa Jeshi la Wokovu, alipolia mama akamshangaa kabisa, akamwambia si umeshavisoma lakini.

Hebu kirudie hicho kisa taratibu. Huyo mama hana roho mbaya. Hajakasirika, hamwonei mtoto, hafanyi kusudi. Ana uhakika. Kwake yeye kitabu kikishasomwa kimekwisha kama kopo la maziwa. Dame Edna mzima, na magauni yake na miaka yake yote, ametoka kwenye aina hiyo ya uhakika, na mimi kama ningeruhusiwa kukufundisha kitu kimoja tu nikalale ningekufundisha hicho: mhusika wa kejeli hajui kwamba anachekesha, yeye anajua kwamba yuko sahihi. Siku anapojua anachekesha amekufa, na mi nina wasiwasi Mama Funguo wako ameshaanza kujua.

Basi, kijana akaingia Chuo Kikuu cha Melbourne kusoma sheria, hakumaliza, kazi yake ikawa vituko vya kushtua watu. Kinachojulikana zaidi ni cha ndani ya ndege, alikuwa anamimina saladi ya kopo kwenye ule mfuko wa kutapikia kimya kimya, baadae anajifanya anatapika kwa sauti, halafu anatoa kijiko anaanza kula. Hapana, usiige, panda basi la mwendokasi la Kimara ufanye hivo uone utakavyoshushwa. Ila angalia kinachochekesha pale, sio matapishi, ni utulivu wa yule anayekula.

Akajiunga na kikundi cha maigizo kilichokuwa kinazunguka miji midogo na tamthilia ya Shakespeare, wanasafiri kwa basi. Kila mji wakimaliza kuigiza wanaandaliwa chai na kina mama wa pale, na kila mji lazima mama mmoja mwenye kofia asimame atoe shukrani, hotuba ndefu, maneno yale yale, tabasamu lile lile. Humphries akawa kwenye basi anawaburudisha wenzake, anatabiri hotuba ya mama wa mji unaofuata kwa sauti nyembamba, wanafika kweli mama anasimama anasema vile vile, watu wanaumia mbavu kwa kujizuia. Mwongozaji wao, Ray Lawler, ndo akamwambia hii iandikie kipande uweke kwenye shoo ya mwisho wa mwaka.

Ikawa Desemba 1955. Melbourne inajiandaa na Olimpiki ya 1956 na wenyeji wanaombwa watoe vyumba wapokee wageni, anatokea mama mmoja wa Moonee Ponds, mtaa wa kawaida tu wa Melbourne, anaitwa Mrs Norm Everage, jina limechezewa pale, ukilitamka kwa lafudhi yao linasikika kama "average", neno la Kiingereza la "wastani", amekuja kujitolea chumba. Afu anaanza kuelezea nyumba yake. Ndo kipande chote hicho! Anaelezea nyumba, sebule, jiko, rangi ya ukuta, chumba baada ya chumba, na ukumbi umejaa watu wenye nyumba kama hiyo hiyo wanacheka mpaka wanafuta machozi. Wakati huo hana hata zile nywele za zambarau wala miwani yenye mabawa unayoiona kwenye picha zake, ni mama tu wa kawaida na kofia yake.

Sasa hapa nakurudisha Mbagala. Nimekaa nikaangalia klipu zako kumi na moja, kumi kati ya hizo Mama Funguo anafoka. Anafoka maji, anafoka kodi, anafoka viatu mlangoni. Unatetemesha kiuno, unatoa sauti ya puani, unavuta kilemba. Hiyo ni sauti na nguo mdogo wangu, bado sio mtu. Niliwahi kuwa na mwanafunzi mmoja wa kike, tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye darasa la kuazima kule Magomeni, feni moja na madirisha ya nyavu, na yeye alikuja na mama mwenye nyumba kama wako wewe. Kafoka dakika tano, darasa kimya. Nikamwambia kaa kwenye kigoda, usipandishe sauti, fungua daftari utusomee mahesabu ya umeme wa LUKU ya mwezi huu. Akakaa. Akafungua daftari la hesabu la shule, akalamba kidole, akaanza: "Chumba namba moja, taa na redio, elfu tano. Chumba namba mbili, taa, redio, na chaja mbili, mnamchajia nani hiyo ya pili? Elfu sita. Chumba namba tatu, pasi Jumanne, pasi Ijumaa, mgeni siku nne, mgeni anaoga mara mbili kwa siku..." akanyamaza, akatuangalia juu ya miwani, "...mara mbili." Akaandika kitu. Darasa lilipasuka, kuna mmoja alitoka nje. Hakufoka hata neno moja. Alikuwa anatenda haki, unaona? Mama mwenye nyumba akilini mwake ni hakimu, anahangaika kuwatendea haki watu wasiojua kuoga.

Na kila aliyekuwa mle ndani ameshapanga. Ndo maana nasema hicho kitu hukitungi, unakiokota. Humphries alikiokota kwenye chai za vijijini, wewe unacho uani kwenu bure kabisa, kaa pale kwenye bomba lenye kufuli saa kumi na mbili asubuhi usikilize.

Tuendelee na maisha yake, na hapa nitapita haraka maana ni miaka migumu. Mwaka 1959 akahamia London. Akapata kazi kwenye maigizo ya muziki, 1960 alikuwemo kwenye Oliver! akicheza yule muuza majeneza, kazi ya heshima lakini ya pembeni. Mchekeshaji maarufu Peter Cook akamwalika kwenye klabu yake London, akaenda na Edna, watu wakaganda. Hakuna aliyecheka. Waingereza hawakujua Moonee Ponds ni nini. Akaanguka kutoka kwenye jabali la ufukweni kule Cornwall, Uingereza, akavunjika, helikopta ikaja kumtoa. Na pombe juu, pombe mbaya, mpaka karibu na 1970 akawa anaokotwa mtaroni Melbourne hajitambui, ndo akalazwa akaacha, na akiacha aliacha kweli, hakurudia tena mpaka anaingia kaburini.

Mwaka alioshinda London kwa jina lake, na shoo yake, ukumbi wa Apollo, ni 1976. Piga hesabu. Kutoka Desemba 1955 mpaka 1976 ni miaka zaidi ya 20. Afu kufika hapo akajiona moto, 1977 akapeleka shoo New York, wakaichana magazetini, akafunga virago. Amerudi New York 1999, ana miaka 65, safari hii Broadway yenyewe, zile kumbi kubwa za maigizo, na wakampenda mpaka mwaka 2000 wakampa tuzo maalumu ya Tony, tuzo yao kubwa ya maigizo ya jukwaani. Miaka 22 ya kusubiri mji mmoja ukuelewe! Na we una miezi ya kuhesabu unanililia komenti. Sikusemi vibaya, hiyo simu imewaharibu wote, hata mimi nikiweka kitu naangalia angalia.

Lakini sasa, kilichomfanya asichoshe? Maana mtu anaweza kuwa mvumilivu na bado akachosha, tunawajua. Jibu ni kwamba Edna alikuwa anapanda vyeo. Mama wa 1955 alikuwa mke wa nyumbani anayeringia jiko lake. Miaka ikaenda akaanza kujiona mtu maarufu. Kwenye filamu moja ya 1974, waziri mkuu wa Australia wa wakati ule, Gough Whitlam mwenyewe kabisa sio muigizaji, alitokea akampa cheo cha Dame, ile heshima ya kifalme kama Sir kwa wanaume, na yeye akaichukua hajarudisha. Nywele zikawa za zambarau, miwani ikaota mabawa, magauni yakameta. Miaka ya 80 akawa na kipindi chake cha mahojiano kwenye televisheni ya Uingereza, na hapo kejeli imeshahama, zamani ilikuwa inawacheka watu wa Camberwell na makochi yao, sasa inawacheka mastaa na ile tabia yao ya kujiona, kwa sababu pale kitini mama wa jikoni anajiona mkubwa kuliko mgeni wake yeyote. Mhusika yule yule, uhakika ule ule, ila ulimwengu unaomzunguka umebadilika na yeye kahamia uliko ulimwengu.

Kuna kipande cha 2013, ilikuwa Royal Variety, ile shoo inayohudhuriwa na watu wa familia ya kifalme. Wamekaa Charles na Camilla kwenye boksi lao la juu, wakati huo Charles hajawa mfalme, mara Edna anaingia nyuma yao na kukaa kama kachelewa tu. Watu wanacheka. Mara analetewa kikaratasi, anakisoma, anawageukia anawaomba radhi, eti wamempatia siti nzuri zaidi. Akanyanyuka akaondoka. Kitafute. Hafanyi fujo yoyote, hatukani. Anaamini tu kwamba duniani kuna siti nzuri kuliko ya mfalme mtarajiwa na kwamba ni ya kwake.

Kwa hiyo Mama Funguo naye apande. Mwaka huu anagawa LUKU kwa daftari, akija fundi kufunga sabmita kila chumba daftari limekufa, atafanyaje, mamlaka yake yote yalikuwa mle ndani ya daftari! Mwakani achukue fomu ya uongozi wa serikali ya mtaa, aendeshe kampeni kama anavyodai kodi, anataka kura za miezi sita kwa mpigo. Baadae apate mjukuu anayemshauri vyumba viwili apangishe kwa siku kwa wageni wa kizungu kupitia mtandao, na yeye awape masharti yale yale, mgeni asilale na mgeni.

Nyingine aliyokuwa nayo Humphries ni watu wa pembeni. Edna alikuwa na mume, Norm, mgonjwa wa miaka nenda rudi, hatukumwona hata siku moja, tunasikia tu habari za hospitali. Alikuwa na watoto. Alikuwa na Madge, msindikizaji wake wa harusi kutoka New Zealand, amekaa pale pembeni ya jukwaa kimya kabisa, haongei, anasemwa tu, na mwanamama aliyemwigiza kwa miaka mingi, Emily Perry, alikuwa anachekesha kwa kukaa. Mtafutie Mama Funguo mpangaji mmoja wa hivo. Chumba cha uani, kijana mpole, hatumsikii, tunaona tu ndala zake zimepangwa.

Halafu kuna sheria aliyoishika kwa ukali ambao mi naona ndo ilimlinda: Edna na Humphries walikuwa watu wawili. Edna akiulizwa habari za Humphries alikuwa anamponda, anasema ni meneja wake anayemwibia. Hakuwahi kukonyeza kamera kwamba jamani ni mimi. Sasa wewe kwenye ukurasa wa Mama Funguo juzi uliweka picha yako na jezi ya Simba unawashukuru mashabiki, kesho yake Mama Funguo anadai kodi, unategemea nani amwogope? Fungua ukurasa wako mwingine. Kwenye ule wa Mama Funguo komenti zijibiwe na Mama Funguo, na awajibu kama wapangaji.

Swali lako la pili, mmoja au wengi. Humphries alikuwa na wengine, na hawakuwa nakala za Edna. Alikuwa na Sir Les Patterson, huyu eti mwakilishi wa utamaduni wa Australia, mlevi, tai imejaa mchuzi, mate yanaruka anapoongea, kila kitu ambacho Edna hana. Na alikuwa na Sandy Stone, mzee wa mtaani amevaa joho juu ya nguo za kulalia, amekaa kwenye kiti anasimulia wiki yake kwa sauti ya chini, nani alikuja kusalimia, gari walipaki wapi, na katikati ya hayo maneno ya bure unagundua mzee huyu alifiwa na mtoto. Sandy hachekeshi sana, anauma. Baadae Humphries alimuua Sandy kabisa na akaendelea kuongea akiwa mzimu. Mi binafsi ukiniuliza nani mkubwa kati ya wote ntakwambia Sandy, najua wengi watabisha. Kwa hiyo mng'ang'anie Mama Funguo awe ndo jina, ila tengeneza mmoja wa kinyume chake, mtulivu, wa kukupumzisha wewe na sauti yako, usitengeneze sita. Joti hapa kwetu tangu enzi za Ze Comedy kacheza mtoto, mzee, mwanamke, na kila mmoja unamjua kabla hajafungua mdomo, lakini huyo ni Joti na alikuwa na kundi zima nyuma yake.

Nisikufiche mabaya ya Humphries, maana yapo. Mwaka 2003 Edna alikuwa anaandika safu ya ushauri kwenye jarida la Marekani la Vanity Fair, akamjibu msomaji aliyeuliza kama ajifunze Kihispania, akaponda lugha na watu wake, wakaja juu, muigizaji wa Mexico Salma Hayek akiwemo, jarida likaomba radhi. Watetezi walisema ni Edna anayesema, mjinga ni yeye, ndo tashtiti yenyewe. Kweli, lakini angalia kilichotokea: kwenye karatasi hakuna gauni, hakuna miwani, hakuna ile sura ya uhakika. Imebaki sentensi peke yake na sentensi peke yake ni tusi. Klipu yako ikikatwa sekunde nane ikatupwa kwenye grupu la WhatsApp la familia ya mtu inakuwa hivo hivo. Jiulize kabla hujaposti, hii sekunde nane ya katikati ikitembea yenyewe itamsema nani? Kama inamsema mpangaji wa kabila fulani badala ya mama mwenye nyumba, ikate. Na uzeeni aliongea maneno ya kuwaudhi watu waliobadili jinsia, hayo aliyasema kama Humphries, hakuna barakoa, na tamasha la vichekesho la Melbourne lililokuwa na tuzo yenye jina lake, Barry, likaliondoa jina mwaka 2019. Wapo wanaosema alionewa. Mi nasema barakoa inamkinga aliyeivaa, ukiivua uongee kama wewe basi maneno ni yako.

Hapa sheria nazo zipo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015, kanuni za maudhui ya mtandaoni zimekuja 2018 zikabadilishwa 2020, na kuchezea picha ya mkubwa kumeshawafikisha wachekeshaji polisi nchi hii, unakumbuka. Zisome mwenyewe usisimuliwe kijiweni.

Ambaye natamani umfuatilie kuliko hata Humphries ni wa huku huku Afrika, Pieter-Dirk Uys wa Afrika Kusini, kazaliwa Cape Town 1945, baba kaburu, mama Myahudi aliyekimbia Ujerumani. Tamthilia zake zilipigwa marufuku miaka ya 70. Akaanza kuandika gazetini maneno ya mama mmoja wa Pretoria, mke wa mwanasiasa, baadae akamvalia gauni akampandisha jukwaani, Evita Bezuidenhout, balozi wa kaburu kwenye nchi ya watu weusi ya kubuni. Mambo ambayo mtu akiyaandika kawaida anafungwa, Evita aliyasema kwa kuyasifia! Anaupenda ubaguzi, anaueleza kwa upole kama anaelezea pishi, na wewe unayesikiliza unaona aibu. Sasa 1994 ubaguzi ukafa. Wengi walidhani na Evita basi. Wapi, Evita akageuka, eti yeye hajawahi kuupenda ule utawala, na mwaka huo huo akamhoji Mandela kwenye televisheni, Mandela anacheka. Kachukua stesheni ya zamani ya treni kwenye mji mdogo wa Darling akaifanya ukumbi mwaka 1996, na miaka ya 2000 akazunguka mamia ya shule kufundisha watoto habari za Ukimwi kwa vichekesho. Unaona tofauti yake na mchekeshaji anayeigiza sauti ya rais mmoja? Rais akistaafu naye kastaafu. Evita hakuwa mtawala, alikuwa aina ya mtu, na hiyo aina haiishi.

Hela. Hukuuliza, ila nakujibu. King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, tumekua naye wote, alifariki Muhimbili 8 Agosti 2018, na miezi ya mwisho ya maisha yake serikali ilibidi iingilie, ikataka mikataba yake ya matangazo ipitiwe upya, mzee anaumwa na sura yake ipo kwenye matangazo kila kona. Na mimi mwenyewe yamenikuta, niliwahi kusaini karatasi ya ukurasa mmoja na kampuni moja hapa mjini, siitaji, nimeandika vipande kumi vya mhusika, mstari wa saba umeandikwa haki zote zinahamia kwao milele, nikasaini kwa sababu bahasha ilikuwa mezani na ilikuwa tarehe 28, unajua tarehe 28 zilivyo. Nilimwona mhusika wangu baadae anauza sabuni, kavalishwa na mtu mwingine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yako tangu unapoitengeneza, lakini wazo tupu hailindi. "Mama mwenye nyumba mkali" ni wazo, ni la kila mtu. Mama Funguo na daftari lake na maneno yake, hiyo ni kazi. Iandike. Kila kipande na tarehe, hifadhi video za mwanzo, nenda ofisi ya hakimiliki ukaisajili uwe na cha kuonyesha. Na tangazo likija waruhusu wamtumie muda fulani, miezi sita kwa mfano, tena kwa maandishi, usimuuze. Mpangishe. We si mwenye nyumba bana.

Kazi ya wiki hii: klipu moja bila kufoka. Yule kijana mpole wa chumba cha uani kamaliza kujenga kakibanda kake Chanika, anahama, kirikuu kipo nje kimepakia godoro. Mama Funguo anaingia chumbani kukagua. Anamtakia heri, anamwombea na dua, kwa moyo wote kabisa, na huku anatembea ukutani anahesabu misumari. Usikate kamera mpaka afike mwisho wa hesabu. Ukimaliza nitumie.